Kwa nini mashujaa wetu wakifika Aktiki wanaanza kuuliza maswali?

#1 Msomaji_Lanet
Habari wadau. Nimesoma tena Arctic Adventure ya Willard Price, ile ya wale ndugu wawili Hal na Roger Hunt, nimeipata kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Nakuru mjini na kuna kitu nataka tukijadili. Hawa vijana tumekua nao. Amazon tumeenda nao, chini ya bahari tumezama nao, Tsavo wamekuja hadi huku kwetu kushika wanyama wa kumpelekea baba yao, na kote huko wao ndo wanajua. Mnyama akitokea Hal anajua jina lake, chakula chake na namna ya kumshika. Sasa hao hao wapeleke Greenland, kile kisiwa cha barafu cha Aktiki. Ghafla wamekuwa wageni. Kulala ni shida, kutembea ni shida, na mambo mengi wanamtegemea rafiki yao wa huko, Olrik.

Mimi nasema hicho ndo kitabu kizuri kuliko vyote vya mfululizo, na sababu ni hiyo hiyo, shujaa amegeuzwa mwanafunzi. Swali langu ni moja, kwa nini baridi iliweza kuwafanyia kitu ambacho msitu haukuweza, volkano haikuweza, papa hawakuweza?

#2 Omera_Dunga
Jibu rahisi sana bana. Mwandishi alizaliwa 1887, kitabu kimetoka 1980. Hesabu mwenyewe. Mzee alikuwa amepita miaka 90, hicho ni cha 14 na ndo cha mwisho, akafariki 1983. Alikuwa amemaliza ramani yote, amebaki na barafu tu. Na mzee wa umri huo ashajua kwamba kijana wa miaka ishirini hajui kitu, ndo maana Hal akaanza kuuliza.

#3 Dada_wa_Shinyalu
#2 ramani haikuwa imeisha. Sahara hakuwapeleka. Mwaka mmoja kabla, 1979, aliwapeleka India kwa kile cha chui milia. Angetaka sehemu mpya jangwa lilikuwepo na ngamia wake. Alichagua barafu. Kwa hivyo swali la Lanet bado liko.

#4 Omera_Dunga
Sawa mwalimu wa jiografia 😂

#5 Baridi_Kazini
Mimi nimefanya kazi kwa chumba cha baridi cha kampuni moja ya samaki Kisumu, sitaitaja, na hii mada inanihusu kabisa. Watu wanadhani adui wa baridi ni baridi. Adui ni jasho. Unaingia ndani digrii kumi na nane chini ya sifuri, umevaa jaketi nzito, unabeba makatoni ya mbuta kwa nguvu kama kijana, dakika chache unasikia joto unafurahi, unafungua zipu. Alafu unasimama ungoje troli. Hapo ndo unajua. Ile fulana ya ndani ishalowa na sasa inakukamua. Meno yanagongana na huwezi kuyazuia hata ukitaka. Mzee mmoja aliyekuwa zamu yetu alikuwa anatembea polepole mpaka tunamkasirikia, hakimbii hata supavaiza akipiga kelele, na yeye ndo pekee hakuwahi kutetemeka. Glavu za pamba zikilowa ukashika chuma cha rafu vidole vinanata, ukivuta kwa haraka unaacha ngozi.

Sasa angalia hawa mashujaa wa riwaya. Silaha yao ni nini siku zote? Nguvu na mbio. Kwenye msitu ukikimbia sana unachoka, unapumzika, kesho unaendelea. Kwenye baridi ile nguvu yenyewe ndo inakuua, ukitumia mwili kama shujaa unalowa jasho na jasho linaganda. Ndo maana baridi iliweza, msitu haukuweza. Imechukua kitu walichokuwa wanategemea ikakigeuza sumu.

#6 Msomaji_Lanet
#5 asante sana, hii ndo nilikuwa nataka. Hiyo ya mzee anayetembea polepole ingefaa iwe sura nzima ya kitabu.

#7 Viazi_Molo
Wa Kisumu wanatufundisha baridi leo 😂😂 dunia imeisha. Njooni Molo ama Mau Narok mwezi wa kwanza alfajiri muone barafu ilivyochoma viazi, shamba lote limekuwa jeusi kama limemwagiwa maji moto. Na Timboroa lori zinapita saa kumi usiku dereva amejifunga blanketi mbili.

Lakini nakubaliana na #5 na naongeza. Baridi ya kwetu inakupea onyo, jua likitoka saa mbili umepona. Kule Aktiki majira ya baridi jua halitoki kwa wiki nyingi, ukienda juu zaidi ni miezi. Shujaa hawezi kusema "tungoje asubuhi". Mi nadhani hiyo ndo sababu, mwandishi wa vituko anaishi na usiku na asubuhi, kila sura inaisha usiku na hatari inaisha asubuhi. Ondoa asubuhi uone.

#8 Dada_wa_Shinyalu
#7 umesahau upande wa pili, kiangazi jua halizami. Ukiandika safari ya mwezi wa sita huko hakuna giza la kujifichia hata dakika. Kwa hivyo inategemea vijana wamefika lini.

#9 Mwl_Kanduyi
Nimesoma yote na naona mnazunguka jambo lenyewe. Samahani nitakuwa mrefu.

Hal na Roger hawakuwa wajuaji Tsavo. Hakuna Mmarekani wa miaka kumi na tisa anayejua Tsavo. Kule Tsavo, Rwenzori, kote huko walikuwa na watu wa kufuata nyayo, wapishi, madereva, watu wanaojua upepo unatoka wapi. Tofauti ni kwamba vitabu vya aina hii vikija Afrika yule mtu wa nyayo anabaki pembeni, anabeba mzigo, na ujuzi wake unahamia kwa shujaa kimyakimya. Na haikuanza na huyu mwandishi, ni jinsi riwaya za vituko zilivyoandikwa tangu enzi za ukoloni. Sasa wakifika Greenland mwandishi hawezi kuficha mwenyeji kwa sababu msomaji wa London ama Chicago anajua baridi, ameshawahi kukanyaga theluji, ukimwambia kijana mgeni amejenga nyumba ya theluji peke yake siku ya kwanza atakucheka.

Na hapa kuna kitu cha kutuhusu sisi. Tukisoma ya Tsavo tunacheka, tunasema hii si hivi, ile si hivi. Tukisoma ya Greenland tunaamini kila mstari. Mtoto wa Greenland akisoma hivyo vitabu viwili atafanya kinyume, atacheka ya kwao na kuamini ya kwetu. Mimi nawaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka.

#10 Msomaji_Lanet
Mwalimu hiyo ya mtoto wa Greenland imenigonga. Lakini bado nauliza, kama msomaji wa Ulaya anajua theluji, mbona waandishi wengine wamewapeleka mashujaa wao kwenye barafu na wakaendelea kuwa wajuaji tu? Kujua theluji hakujamzuia mtu kudanganya.

#11 Reli_ya_Zamani
Nikiingilia kidogo upande wa Tsavo kwa sababu kile cha simba kinakaa kwa historia ya reli. Watu wanarudia kwamba wale simba wawili wa 1898, waliowavamia wajenzi wa reli, walikula watu 135. Hiyo namba ni ya Patterson mwenyewe, yule mhandisi aliyewaua, aliitoa baadaye. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za hao simba, wako jumba la makumbusho la Field huko Chicago, wakakadiria kama 35 hivi. Nasema tu ili tusije tukaamini kila mstari wa Tsavo pia.

#12 Omera_Dunga
Tumetoka barafu tumefika simba. Ndo uzi wa Kenya huu.

#13 Nyakach_Girl
Narudisha uzi kwenye barafu. Kama mnataka kujua Greenland kutoka kwa mtu wetu mtafuteni Tété-Michel Kpomassie, Mtogo, amezaliwa 1941. Hii si riwaya, ni maisha yake. Akiwa kijana alipanda mnazi akakutana na nyoka juu, akaanguka, familia ikampeleka kwa kuhani wa chatu kutibiwa na ikaamuliwa kwamba akipona atarudishwa akatumikie huko. Wakati huo huo akaona kitabu cha Greenland kwa duka la vitabu Lomé. Nchi ya baridi, haina nyoka, na miti karibu hakuna. Jamaa akatoroka nyumbani. Imemchukua kama miaka 8 kufika, akifanya kazi njiani, Ghana, Senegal, Ufaransa, Denmark, anakusanya nauli anaendelea. Amefika Greenland 1965.

Sasa msikie tofauti na Hal. Huyu hakwenda kushika mnyama. Alikwenda kuishi. Alikaribishwa nyumba moja baada ya nyingine, akala walichokula, akajifunza kuendesha sledi, ule mkokoteni wa kuteleza kwenye barafu unaovutwa na mbwa, akapanda kaskazini mpaka Upernavik akakaa na mzee kwa nyumba ya udongo na majani, si iglu. Na alikuwa anaangalia wale watu kwa jicho la kijiji, anaona nani anaheshimu mzee, watoto wanalelewa vipi, nani anakunywa sana, nani mchoyo. Analinganisha na kwao waziwazi na hamtukuzi mtu. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa 1981, mwaka mmoja tu baada ya hiki cha ndugu wawili.

Kwa hivyo Mwl_Kanduyi, kama tatizo ni nani anaandika, jibu liko hapo, aliandika mtu wetu. Na yeye pia alikuwa mwanafunzi tangu mwanzo mpaka mwisho. Haikuwa sababu ya msomaji wa London.

#14 Mwl_Kanduyi
Dada umenipa kazi ya likizo. Asante.

#15 Viazi_Molo
Subiri #13 umesema nyumba ya udongo na majani. Si wote wanakaa kwa iglu?

#16 Nyakach_Girl
Hapana. Ile nyumba ya theluji ya duara ilikuwa zaidi ya Wainuit, wenyeji wa Aktiki, wa upande wa Kanada na wale wa kaskazini kabisa ya Greenland, na mara nyingi ni ya safarini, mtu anawinda anajenga analala anaondoka. Sehemu kubwa ya Greenland walijenga kwa mawe na udongo wenye nyasi, na huyo Mtogo alipofika watu wengi walikuwa kwa nyumba za mbao. Na theluji yenyewe haiwi yoyote tu, lazima iwe imekandamizwa na upepo mpaka unaikata vipande kwa kisu, unapanga ukizunguka kwenda juu, mlango unauweka chini kuliko mahali pa kulala ili hewa baridi ibaki chini, na tundu dogo juu la kupumua. Bila hilo tundu taa inaweza kukuua usingizini.

Hata mbwa kuna tofauti. Greenland kila mbwa ana kamba yake wanatawanyika kama kipepeo cha kupepea jiko mbele ya sledi, kwa sababu barafu ni wazi. Alaska wanafungwa wawili wawili kwa sababu ya kupita msituni. Ukiona riwaya imewafunga wawili wawili juu ya barafu ya bahari ya Greenland ujue mwandishi alisoma ya Alaska.

#17 Baridi_Kazini
Hilo tundu ni kweli kabisa. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa limeua watu hapa hapa kwetu, hakuhitaji Aktiki.

#18 Menengai_Hiker
Na hapo #17 umegusa kisa kinachonisumbua kwa miaka. 1897 Waswidi watatu, Andrée, Strindberg na Frænkel, waliruka kwa puto kutoka Svalbard, visiwa vya kaskazini ya Norwe, wakitaka kufika ncha ya kaskazini. Puto likaanguka kwenye barafu siku ya tatu. Wakatembea kwa miezi, wakafika kisiwa cha Kvitøya mwezi wa kumi, na hapo wakafa. Hakuna aliyejua mpaka 1930 meli moja ilipofika ikakuta kambi, shajara, na filamu za kamera ambazo ziliweza kuoshwa baada ya miaka 33 picha zikatoka.

Sasa walikufaje? Walikuwa na chakula, risasi na nguo. Wengine wanasema ni minyoo ya nyama ya dubu isiyoiva. Wengine wanasema moshi wa jiko ndani ya hema. Wengine sumu ya vitamini A ya ini la dubu. Wengine baridi na uchovu tu. Wengine walijiua. Mpaka leo hakuna jibu moja. Ukiwaangalia walikuwa kama Hal kabisa, vijana wasomi, jasiri, vifaa vizuri, isipokuwa kulikuwa hakuna Olrik.

#19 Dada_wa_Shinyalu
#18 Andrée hakuwa kijana, alikuwa amepita 40. Na hiyo ya "hakuna Olrik" inaanguka. Wanorwe Nansen na Johansen waliacha meli yao Fram 1895, wawili tu, wakapita msimu mzima wa baridi kwa kibanda cha mawe walichoezeka ngozi ya walarasi, yule mnyama wa bahari mwenye meno marefu, wakala dubu na mafuta yake miezi yote, wakatoka 1896 wakiwa wamenenepa. Hawakuwa na mwenyeji yeyote.

#20 Menengai_Hiker
#19 Nansen alishakuwa amekaa Greenland na Wainuit msimu mzima 1888 hadi 1889, amejifunza kayaki, mtumbwi wao, na kuandika kitabu kizima juu ya maisha yao. Alimbeba Olrik wake kichwani.

#21 Dada_wa_Shinyalu
Hiyo nimeipenda lakini haithibitishi. Mtu anaweza kujifunza na bado akafa.

#22 Mwl_Kanduyi
Ongezeni Franklin, Mwingereza aliyekuwa anatafuta njia ya meli kaskazini ya Kanada. 1845, meli mbili, watu 129, hakuna aliyerudi. 1854 mpelelezi John Rae aliwasikiliza Wainuit waliokuwa wamesikia kwa wenzao habari za wale watu kufa njaa, akapeleka habari London, akatukanwa kwa sababu chanzo ni wenyeji na habari ilikuwa mbaya, kwamba mabaharia walikula maiti. Meli zimepatikana 2014 na 2016, na simulizi za wazee wa Kiinuit zimesaidia pakubwa. Kizazi kwa kizazi walikuwa wanasema ziko wapi. Kuna kuuliza na kuna kusikiliza jibu.

#23 Reli_ya_Zamani
Mwalimu nakuheshimu lakini tusifanye mwenyeji kuwa hirizi. Wainuit wenyewe walikuwa wanakufa njaa miaka ambayo wanyama wamehama. Baridi haimjui mwenyeji. Kama Olrik anajua kila kitu huyo naye ni Hal mwingine amevaa ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari wanaomwinda.

#24 Nyakach_Girl
#23 🔥 hiyo ndo komenti ya leo. Na Kpomassie analionyesha hilo, ameandika wenyeji wenye makosa yao, wavivu wapo, wakarimu wapo.

#25 Askari_wa_Pori
Wadau. Nimefanya kazi na wanyama pori miaka mingi, na mnaongea yote lakini hamjagusa ile ya Roger kufanya urafiki na dubu mweupe. Hiyo ndo inanikera. Dubu dume ana kilo 350 hadi 700, zaidi ya simba wawili. Anawinda sili kwa kungoja kwenye tundu la barafu bila kusogea, na mtu kwake ni nyama tu. Ngozi yake ni nyeusi, nywele hazina rangi, zinaonekana nyeupe kwa mwangaza, kwa hivyo kwenye theluji humwoni mpaka uone pua. Nimelea watoto wa wanyama walioachwa na mama, wanakuzoea, wanakufuata, wanalala kwa miguu yako. Alafu siku moja wanakua. Mtu anayeandika urafiki huo bila kuandika hiyo siku anawadanganya watoto, na nimeona matokeo, mwenzetu amebaki na mkono mmoja.

#26 Msomaji_Lanet
Pole kwa mwenzenu mzee. Lakini wanafunzi wa binti yangu hapa Nakuru, anafundisha darasa la sita, sehemu waliyoipenda ni hiyo hiyo ya dubu. Walichora dubu wote, na wengi walimchora akiwa mkubwa kuliko nyumba. Sidhani walidanganyika, waliogopa na kupenda pamoja.

#27 Askari_wa_Pori
Wakichora mkubwa kuliko nyumba basi wameelewa. Mwambie binti aendelee.

#28 Omera_Dunga
Kwa hivyo tumekubaliana nini? #5 anasema jasho, #7 anasema asubuhi, mwalimu anasema msomaji wa London, #13 anasema mgeni yeyote ni mwanafunzi, mimi nasema uzee. Narudi kwa uzee. Huyo Price kabla ya riwaya alikuwa mwandishi wa safari, amezunguka dunia, ameishi Japani miaka ya 1930. Mtu wa hivyo anajua kuuliza ndo kazi. Mwisho wa maisha akampa Hal kazi yake mwenyewe.

#29 Dada_wa_Shinyalu
#28 kama ni hivyo mbona hakumpa kwa vile 13 vya kwanza? Alikuwa amesafiri tayari alipoandika cha kwanza 1949.

#30 Baridi_Kazini
Kwa sababu huko hakulazimishwa. Narudia, msitu unakusamehe ujuaji.

#31 Reli_ya_Zamani
Msitu haukusamehe mtu. Uliza waliojenga reli, malaria na kuhara damu. Riwaya ndo inasamehe.

#32 Viazi_Molo
Na Matthew Henson hamjamtaja, yule Mmarekani mweusi aliyekuwa na Peary kwenye safari ya ncha ya kaskazini 1909. Alijua lugha ya Wainuit, alijenga sledi, aliendesha mbwa kuliko Peary. Sifa zote zikaenda kwa Peary miaka mingi, na hata kama walifika ncha kweli bado watu wanabishana. Huyo anavunja hesabu yenu yote, ni mgeni ambaye aliuliza, akajua, akawa mjuaji wa kweli, na kitabu kikaandikwa juu ya mwingine.

#33 Mwl_Kanduyi
#32 Henson aliandika chake mwenyewe, kilitoka 1912. Wasomaji ndo hawakukichukua.

#34 Nyakach_Girl
Basi swali la Lanet ligeuzwe, kwa nini msomaji anamtaka Hal?

#35 Msomaji_Lanet
#34 hiyo sasa ni uzi mwingine. Ufungue wewe, mimi naja. Na aliye Kisumu mwenye kile cha Mtogo aniambie, nitampa hiki cha dubu tubadilishane, naweza kushuka wikendi.

#36 Baridi_Kazini
Sina cha Mtogo lakini cha dubu nakitaka. Ukishuka nitakuonyesha ufuo wa Dunga pia.

#37 Dada_wa_Shinyalu
#30 bado hujajibu la #31.